Hodi za Usiku wa Halloween

Kila Oktoba inapoelekea ukingoni, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Mbeya hadi Minneapolis: kwamba usiku wa tarehe 31 ni sikukuu ya shetani, kwamba wachawi wa Ulaya hukutana usiku huo, na kwamba mzazi anayemvisha mwanawe kinyago amemkabidhi kwa mapepo bila kujua. Wapo wanaojibu kwa kicheko: ni watoto na pipi tu, mbona mnalikuza jambo? Pande hizi mbili zinagombana, lakini zinakubaliana kwamba Halloween ni mila ya kipagani ya kale iliyotufikia nzima nzima. Tofauti yao ni kama ukale huo ni wa kuogopwa au wa kupuuzwa.

Mimi naona ukale wenyewe ndio wa kuhojiwa. Maboga yenye meno, filamu za mauaji, magunia ya pipi: karibu yote hayo ni mambo ya miaka 200 iliyopita, na mengine ni ya juzi. Kilicho cha kale kwelikweli ni kidogo na hakina pembe. Mtu anasimama gizani mlangoni kwa jirani, anabisha hodi, na aliye ndani inambidi aamue atoe nini.

Tuanze na giza lenyewe, maana sisi wa karibu na ikweta hatulijui sawasawa. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Dublin, mwisho wa Oktoba, linazama karibu saa 11 jioni, na Desemba ikifika huwa limeshazama saa 10 na dakika chache. Miti imepukutisha majani, nafaka imo ghalani, ng'ombe wameteremshwa kutoka malisho ya mlimani, na wale ambao majani makavu ya akiba hayatawatosha huchinjwa kabla baridi haijakaza. Kwa mfugaji wa Ireland ya kale, hapo ndipo mwaka ulipokatika: nusu ya mwanga imekwisha, nusu ya giza imeingia. Mpaka huo uliitwa Samhain, jina ambalo Waairishi hulitamka karibu na "sauin". Ulianza jua linapotua tarehe 31 Oktoba na kuendelea tarehe 1 Novemba, kwa kuwa Wakelti, jamii za kale za Ulaya walimokuwamo Waairishi na Wagali, walitanguliza usiku kabla ya mchana katika kuhesabu siku. Julius Caesar aliliona hilo kwa Wagali akaliandika. Msomaji wa pwani, anayejua kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa ni mali ya Ijumaa, hatapata taabu hapo.

Walifanya nini siku hiyo? Hapa ndipo waandishi wengi hujaza mapengo kwa ubunifu wao. Waairishi wa kabla ya Ukristo hawakuacha vitabu. Tulicho nacho kiliandikwa na watawa wa Kikristo, karne kadhaa baada ya dini ya zamani kutoweka, nao walikuwa wakisimulia hadithi, hawakuwa wakiandika taarifa ya ibada. Katika hadithi hizo Samhain ni wakati wa mkutano mkuu, wa karamu na ulevi, wa kukusanya kodi, na wakati ambao vilima vya watu wa ulimwengu mwingine hufunguka. Pango la Oweynagat lililoko Rathcroghan, kaunti ya Roscommon, ambalo hadithi hulitaja kuwa mojawapo ya milango hiyo, lipo hadi leo na mtu anaweza kuinama akaingia. Mwanahistoria wa Uingereza Ronald Hutton aliupitia ushahidi wote huo katika kitabu chake cha mwaka 1996, The Stations of the Sun, akaona hautoshi kuthibitisha kwamba Samhain ilikuwa sikukuu ya wafu. Dhana hiyo, pamoja na ile ya kwamba huo ulikuwa mwaka mpya wa Wakelti, ilijengwa zaidi na wasomi wa miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa 20, kina John Rhys na James Frazer, waliotazama mila za wanavijiji wa zama zao wakadhani wanaona mabaki ya dini iliyokufa.

Na yule "mungu Samhain, bwana wa mauti" anayetajwa kwenye ujumbe unaosambazwa? Hakuwahi kuwapo. Chimbuko lake ni Charles Vallancey, mhandisi wa jeshi la Uingereza wa karne ya 18, ambaye aliyapenda mambo ya kale ya Ireland kuliko alivyoyajua. Kosa lake lilinakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, wahubiri na watunzi wa vipeperushi wa Marekani wakaliokota, na sasa linasafiri kwa simu.

Ipo hadithi moja ya zama za kati, Echtra Nerai, ambayo naona ina faida zaidi kuliko nadharia hizo zote. Ni usiku wa Samhain. Mfalme Ailill na Malkia Medb wameketi Rathcroghan, na nje wananing'inia watu wawili walionyongwa siku iliyotangulia. Mfalme anaahidi zawadi kwa atakayethubutu kutoka na kumfunga mmoja wao kitanzi cha fito mguuni. Wanaume wanatoka mmoja mmoja na kurudi mbio. Nera anakwenda. Maiti anamwambia: nilinyongwa nikiwa na kiu, nibebe nikanywe. Nera anambeba mgongoni. Nyumba ya kwanza wanaikuta imezungukwa na moto, kwa sababu wenyewe waliufukia vizuri moto wa jikoni kabla ya kulala. Ya pili imezungukwa na maji, kwa sababu hawakuacha maji machafu ndani. Ya tatu ina mabeseni ya maji ya kuogea na ndoo ya uchafu katikati ya sakafu. Maiti anaingia, anakunywa, na funda la mwisho anawatemea wenye nyumba usoni. Wote wanakufa.

Sidai kwamba hadithi hii inathibitisha mila yoyote. Lakini tazama umbo lake. Mgeni wa kutisha anapita nyumba kwa nyumba, na usalama wa waliomo unategemea namna walivyojiandaa kumpokea au kumzuia. Umbo hilo tutalikuta tena, hata pale ambapo Nera na maiti wake wamesahauliwa.

Jina la Halloween, hata hivyo, limetoka kanisani. Kwa Kiingereza cha zamani ni mkesha wa watakatifu, yaani jioni ya kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote. Sikukuu hiyo haikuanzia Novemba. Mwanzoni mwa karne ya 7 Papa Boniface IV aliliweka wakfu hekalu la Pantheon la Roma kwa Bikira Maria na mashahidi wote, tarehe 13 Mei. Karne iliyofuata Papa Gregory III alitenga kikanisa cha watakatifu wote ndani ya basilika la Mtakatifu Petro, na mwaka 835, wakati wa Papa Gregory IV, tarehe 1 Novemba iliamriwa iadhimishwe katika dola yote ya Wafaranki. Inasemwa sana kwamba Kanisa lilichagua tarehe hiyo ili kuimeza Samhain. Tatizo ni kwamba Kanisa la Ireland lenyewe, mahali ambapo Samhain ilikuwa hai, lilikuwa likiwaadhimisha watakatifu wote tarehe 20 Aprili. Novemba ilianza kushika kasi kwa Waingereza na Wajerumani. Kama ulikuwa mtego, basi uliwekwa kwenye njia asiyopita mnyama.

Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, iliongezwa na Abate Odilo wa monasteri ya Cluny, Ufaransa, karibu na mwaka 1000. Wakatoliki wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanazijua siku hizi mbili vizuri: watu wanakwenda makaburini, wanafyeka nyasi, wanawasha mishumaa, padri ananyunyiza maji ya baraka. Inashangaza kidogo kwamba mtu anaweza kutoka makaburini siku hiyo, akafika nyumbani, akasambaza ujumbe kwamba mkesha wa sikukuu zake mwenyewe ni wa shetani.

Siku hizo mbili ndizo zilizowaleta wafu mlangoni. Watu wa zama za kati waliamini kwamba roho nyingi ziko toharani na kwamba sala za walio hai huzipunguzia mateso. Maskini alikuwa na muda wa kusali, tajiri alikuwa na unga. Basi huko Uingereza maskini, na baadaye watoto, walipita nyumba kwa nyumba wakiomba vimikate vya roho, vidogo na vyenye viungo, na kwa kila kimikate roho moja iliombewa. Mtu asidhani huko kulikuwa kuombaomba. Ilikuwa kazi na ujira wake. Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16 yaliifuta toharani, na kwa mantiki ya dini mila hiyo ilipaswa kufa pamoja nayo. Haikufa. Katika kaunti za Cheshire na Shropshire watu waliendelea kubisha hodi karne tatu baadaye, wimbo ukiwapo na sababu yake imesahauliwa. Kijijini Antrobus, Cheshire, hadi leo kikundi cha waigizaji huzunguka kwenye baa na mchezo wao kila mwaka, mmoja wao akiigiza farasi kwa fuvu halisi la farasi.

Kule Ireland hodi ilikuwa na ukali zaidi. Katikati ya karne ya 19, katika kaunti ya Cork, vijana walikwenda shamba hadi shamba wakipuliza pembe, na mbele yao mtu aliyejifunika shuka jeupe na kubeba fuvu la farasi. Walimwita Láir Bhán, farasi jike mweupe. Wakifika mlangoni walikariri beti ndefu za kumweleza mwenye shamba kwamba neema yake inategemea mkono wake: akitoa siagi, mayai na nafaka, mwaka utakuwa mwema, akinyima, shauri yake. Uskoti nako vijana walijipaka masizi na kuvaa vinyago. Wengine husema ni ili mizimu isiwatambue. Nadhani waliwaogopa zaidi majirani, maana usiku huohuo ndio walipowafanyia majirani hao vituko. Hata hivyo mtoto wa Uskoti hakupewa kitu bure. Ilimpasa aimbe, aghani au achekeshe kwanza.

Anayelisoma shairi refu la Robert Burns liitwalo Halloween, lililochapishwa mwaka 1786, akitafuta mashetani ndani yake, atapata zaidi habari za uchumba. Vijana wanafumba macho, wanaingia bustanini wameshikana mikono, na kung'oa shina la kwanza watakalogusa la kabichi ya majani, ndugu wa karibu wa sukuma wiki. Shina likiwa refu na limenyooka, mchumba atakuwa hivyo. Likiwa limepinda, ndiyo bahati yako. Udongo ulionata mizizini ni mali atakayokuja nayo, na ukionja moyo wa shina utajua kama tabia yake ni tamu au chungu. Wengine waliweka njugu mbili motoni, moja kwa jina la kijana na moja kwa jina la msichana: zikiungua pamoja kwa utulivu, ndoa ipo, moja ikiruka, yamekwisha. Ireland wanao mkate wa zabibu kavu uitwao barmbrack, ambao mpaka sasa huuzwa madukani msimu huo ukiwa na pete ndani. Atakayeikuta kwenye kipande chake, mwaka hauishi hajaoa au kuolewa. Kwa vizazi vingi huu ulikuwa usiku wa kutafuta mwenzi kuliko usiku wa kutiana hofu.

Vitisho vilikuwapo, ila vilikuwa vidogo na vya kuchongwa kwa mkono. Katika jumba la makumbusho ya maisha ya vijijini huko Mayo, Ireland, ipo nakala ya plasta ya taa iliyochongwa Donegal kwenye tanipu mwanzoni mwa karne ya 20. Tanipu ni mzizi mgumu wa jamii moja na figili, na kuukomba kwa kijiko mpaka ubaki gamba ni kazi ya jioni nzima. Macho ya taa ile ni mashimo, mdomo una meno yaliyochongoka, na kwa kuwa mzizi hukauka na kujikunja, sura yote imekunjamana. Iweke kando ya boga la Kimarekani linalotabasamu, utajua mara moja ni ipi iliyomnyima mtoto usingizi. Waairishi husimulia kwamba taa hizo ni za Jack, mlevi bahili aliyemlaghai shetani mpaka akaapa hatamchukua. Jack alipokufa alibisha hodi mbinguni akafukuzwa, akabisha motoni akafukuzwa, akabaki kuzurura na kaa la moto ndani ya tanipu.

Njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza ardhini, iliua watu kama milioni 1 na kuwahamisha wengine zaidi ya milioni 1. Waliofika Marekani walikuta boga, zao la asili ya bara hilo, kubwa, rahisi kukata, lenye uwazi tayari ndani yake. Tanipu ikasahaulika. Aina ya boga iliyopata umaarufu zaidi kwa kuchongwa ni Howden, ambayo mkulima John Howden wa Massachusetts aliizalisha miaka ya 1960 kwa ajili ya umbo lake na kikonyo chake imara. Kuliwa si sifa yake. Ni maji matupu. Mama wa Morogoro anayejua boga la nazi akiyaona yalivyotupwa mitaani tarehe 1 Novemba atasikitika, lakini asisikitikie ladha.

Mwishoni mwa karne ya 19 Halloween ya Marekani ilikuwa na sura mbili. Ndani, akina mama wa tabaka la kati waliandaa tafrija za matofaa na kubashiri wachumba, wakifuata maelekezo ya magazeti ya wanawake. Nje, wavulana waling'oa mageti, wakapandisha mikokoteni juu ya paa, wakapindua vyoo vya uani. Kijijini, ambako kila mtu anajua geti ni la nani na mtoto ni wa nani, huo ulikuwa mzaha. Mjini, kwa watu wasiofahamiana, ukawa uharibifu. Katika miaka ya 1920 na 1930, hasa uchumi ulipoporomoka, madirisha yalivunjwa, taa za barabarani zilipigwa mawe, na baadhi ya miji ilifikiria kuipiga marufuku siku yenyewe. Mji wa Anoka, Minnesota, ulipata dawa yake mwaka 1920. Inasimuliwa kwamba wakazi walikuwa wamechoka kuamka na kukuta ng'ombe waliofunguliwa wakitembea barabara kuu. Wakaandaa gwaride, moto wa pamoja na vitafunio ili wavulana wapate shughuli. Anoka hujiita makao makuu ya Halloween duniani mpaka leo.

Huko Kanada, magazeti ya miaka ileile yanawanukuu watoto wakisema mlangoni maneno ambayo sasa yanajulikana kote, trick or treat: tupe kitu, la sivyo tutakufanyia kitu. Ni Láir Bhán amerudi, safari hii ana miaka saba na mfuko wa karatasi mkononi. Jirani analipa pipi ili geti lake libaki mahali pake. Vita Kuu ya Pili vilisimamisha mambo kwa muda, kwa kuwa sukari ilikuwa ya mgao. Mgao ulipoondolewa mwaka 1947, na vitongoji vipya vya nyumba zilizopangana, zenye watoto tele, vilipoota kila mahali, mila ilienea nchi nzima kwa kasi. Mwaka 1950 watoto wa Philadelphia walianza kuzunguka wakichangisha senti kwa ajili ya watoto wenzao, mpango ambao UNICEF iliupokea na kuukuza. Mwaka 1952 Disney ilitoa katuni ya Donald Duck iliyobeba jina la maneno yale ya mlangoni. Tishio likabaki mdomoni tu. Muulize mtoto wa leo atafanya kituko gani akinyimwa, atakutazama asikuelewe. Kama nikilazimishwa kutaja mahali Halloween ya sasa ilipozaliwa, nitaliacha pango la Roscommon na kutaja vitongoji hivyo vya baada ya vita.

Kisha hofu ikageuka upande. Mwanzo aliye ndani alimwogopa anayebisha. Kufikia miaka ya 1970 anayebisha ndiye aliyeanza kumwogopa aliye ndani. Kila Oktoba polisi na televisheni waliwaonya wazazi juu ya nyembe ndani ya matofaa na sumu ndani ya pipi, na hospitali zikajitolea kuzipiga pipi eksirei. Mwanasosholojia Joel Best alizifuatilia taarifa za aina hiyo kuanzia mwaka 1958 na kuendelea, na hakupata kisa hata kimoja kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa na mtu asiyemjua kwa pipi za Halloween. Kisa maarufu, cha Texas mwaka 1974, kilikuwa cha baba mzazi: Ronald O'Bryan alimpa mwanawe peremende ya unga aliyoitia sianidi, akitaka fedha za bima ya maisha. Alihukumiwa kifo, na hukumu ilitekelezwa mwaka 1984. Muuaji alikuwa nyumbani kwa mtoto, na jirani wote walionyoshewa kidole hawakuwa na hatia. Lakini hofu ilikuwa imeshafanya kazi yake. Keki ya nyumbani, karanga za kukaangwa, tofaa, vyote viliishia kwenye pipa la taka. Kilichoaminika ni pipi ya kiwandani iliyofungwa kwa karatasi yake. Sijui tangazo la biashara ambalo lingeweza kuvipa viwanda zawadi kubwa kuliko hiyo.

Na fedha ni nyingi. Shirikisho la wauzaji wa rejareja la Marekani lilikadiria kwamba mwaka 2023 Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa pipi, mavazi na mapambo ya Halloween. Hata saa zimeguswa: kuanzia mwaka 2007 sheria ilirefusha muda wa saa za kiangazi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, jioni ya watoto ikaongezewa mwanga wa saa nzima, jambo ambalo watengenezaji wa pipi walikuwa wakilipigania. Sisi nasi tumo, ingawa hatutajwi. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana, na kiasi kidogo hutoka Kyela (Tanzania), Bundibugyo (Uganda) na mashariki ya Kongo. Mkulima anayeanika mbegu zake Kyela huenda hajawahi kusikia habari za usiku huu, lakini bila watu kama yeye chokoleti ya usiku huo haipo.

Damu na visu, kwa upande wao, ni deni la sinema. Filamu ya John Carpenter iitwayo Halloween, ya mwaka 1978, ilitengenezwa kwa bajeti ndogo ya dola laki tatu na kidogo. Kinyago cha muuaji wake kilinunuliwa dukani, kikiwa na sura ya mwigizaji William Shatner wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe. Mavazi ya kutisha yanayouzwa leo yana undugu na filamu kama hiyo kuliko na makuhani wa Kikelti.

Halloween iliposafiri kwenda kwa watu wengine, ilibeba mavazi ikauacha mlango. Tokyo ilianza na bustani ya Disney mwaka 1997. Baadaye vijana wakajaa mtaani Shibuya kiasi kwamba pombe ikapigwa marufuku barabarani, na mwaka 2023 meya akawaomba watu wasije kabisa. Seoul, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, umati ulisongamana kwenye kichochoro chembamba cha mtaa wa Itaewon, wakafa watu 159, wengi wao vijana. Siku moja mbili kabla ya hapo, Riyadh, watu walikuwa wakizunguka katika eneo la burudani la Boulevard wamevaa kama mizuka, kwa ruhusa kamili ya serikali. Nairobi na Dar es Salaam ni shughuli ya klabu na hoteli: tiketi, DJ, rangi nyekundu shingoni. Hakuna jirani anayebishiwa hodi, hakuna anayeombwa kitu. Kwa maoni yangu hapo kilichobaki ni tafrija ya mavazi kama nyingine yoyote, na haifai kuitwa ibada wala mila.

Mexico ni habari tofauti, ingawa watu huichanganya. Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba, ina mizizi yake: meza ya kumbukumbu nyumbani, maua ya rangi ya chungwa, chakula alichokipenda marehemu. Lakini hata huko tarajia mshangao. Gwaride kubwa la mifupa katikati ya Mexico City lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond iitwayo Spectre, ya mwaka 2015, kuonyesha gwaride ambalo halikuwapo.

Wanaolazimika kuamua kikweli ni wenzetu walioko Marekani na Kanada, wakiwamo Wakongo wengi waliopata makazi huko baada ya miaka ya ukimbizi katika kambi kama Nyarugusu. Mtoto anarudi kutoka shule anataka vazi, mama hajui ajibu nini, mchungaji ameshahubiri. Makanisa mengi yamepata njia ya kati: magari yanapangwa kwenye uwanja wa kanisa, buti zinapambwa, watoto wanapita gari kwa gari wakipewa pipi. Familia nyingi za Kiislamu huamua kutoshiriki kabisa, na uamuzi huo una hoja zake za dini. Hauhitaji mungu wa kubuni aitwaye Samhain kuutetea. Mtu akatae au akubali kwa sababu za kweli. Asiyetaka kushiriki azime taa ya nje ya nyumba yake. Mtaa mzima unaijua maana yake, na watoto watapita bila kubisha.

Anayemruhusu mwanawe atoke, naye aielekeze hofu yake inakostahili. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics, uliopitia takwimu za Marekani za mwaka 1975 hadi 2016, ulionyesha kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na gari akafa jioni ya Halloween ni zaidi kwa asilimia 43 kuliko jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada yake, na waliozidiwa zaidi na hatari hiyo ni watoto wa miaka 4 hadi 8. Kwa hiyo, mzazi, mpe mwanao tochi, mshonee kitambaa kinachong'aa kwenye vazi lake, hakikisha kinyago hakimzibi macho, na mkifika barabarani mshike mkono.